Dalili na Chanzo

Kuna swali moja linalomfuata mwanadamu tangu utoto hata uzee wake, nalo ni hili: jambo linapotusumbua, je, wajibu wetu ni kuliondoa sumbuko, au ni kukitafuta kitu kilicholizaa? Kwa msikiaji wa mara ya kwanza maswali haya hufanana kama pacha. Mtoto alia, akipewa sukari hunyamaza, na akitolewa mwiba mguuni hunyamaza pia. Katika hali zote mbili nyumba hupata kimya. Lakini kimya cha kwanza ni cha kukopa, na siku ya kulipa huja. Kimya cha pili ni mali halali ya mwenye nyumba. Twende basi, msomaji, tulichunguze swali hili kwa mfano wa chuma, mpira na mafuta, yaani mtetemo wa injini katika motokaa ya zamani. Injini haina adabu ya kumpendeza mtu, na kwa hiyo ni shahidi mwema.

Mfano huu haukuokotwa mbali. Thika ni mji wa viwanda. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, na ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Barabara kuu itokayo Nairobi, iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2012, hupita Ruiru na kufika Thika, na katika miji hiyo miwili mafundi wa gereji na wa jua kali hufungua na kufunga injini tangu asubuhi hata magharibi. Tena nchi yetu ina sifa ya kale katika mbio za magari. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 ushindi ulichukuliwa na Edgar Herrmann na mwenziwe Hans Schüller katika Datsun 240Z. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na Lofty Drews, aliupata kwa motokaa ya aina ile ile. Hiyo ni motokaa ya spoti, ndefu ya pua, fupi ya mkia, iliyolala karibu na ardhi. Tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na 240Z ni miongoni mwa magari yanayoonekana humo.

Tuseme, basi, kwamba mtu mmoja wa Ruiru anayo motokaa kama hiyo, yenye umri uliopita miaka hamsini. Siku moja aipeleka kwa fundi Thika kubadilishwa mafuta, na kazi hiyo yafanywa na kijana mwanagenzi. Baada ya juma moja mwenye motokaa arudi na malalamiko: injini yatetema. Usukani wawasha viganja, kioo cha kutazamia nyuma chaonyesha barabara mbili badala ya moja, na sarafu iliyowekwa juu ya dashibodi yacheza ngoma. Fundi afanye nini?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwamba si kila mtetemo ni ugonjwa. Injini nyingi za silinda nne hutetema kwa maumbile yake. Pistoni mbili zipandapo, mbili hushuka, na mtu angedhani kwamba zimelingana. Lakini kila pistoni huenda kasi zaidi katika nusu ya juu ya safari yake kuliko katika nusu ya chini, na kwa sababu hiyo nguvu hazifutani zote. Hubaki masazo ya mtikisiko, mara mbili kwa kila mzunguko wa injini. Mhandisi wa Uingereza, Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka mara mbili ya kasi ya injini, ili zivute kinyume cha masazo hayo. Na miaka ya 1970 Mitsubishi ya Japani ilitumia fikira hiyo katika magari yake. Lakini injini ya 240Z ina silinda sita katika mstari mmoja, na pistoni zake zimepangwa hata mvuto wa baadhi hufutwa na mvuto wa nyingine. Injini ya namna hiyo kwa maumbile yake ni pole. Kwa hiyo mtetemo ambao katika injini ya silinda nne ungevumiliwa kama tabia ya kuzaliwa, katika hii ni kilio.

Hapa pana fundisho la kwanza. Mwenye kuhukumu hana budi kujua kwanza maumbile ya kile anachokihukumu. Ni dhuluma kumlaumu mtu kwa jinsi alivyoumbwa. Lakini ni dhuluma vile vile kuiita kasoro maumbile ili tuepuke taabu ya kuitengeneza. Mara ngapi tumesikia watu wakisema, "Ndivyo alivyo huyu," au "Magari ya zamani ndivyo yalivyo"? Maneno hayo huweza kuwa hekima, na huweza kuwa uvivu uliovaa kanzu ya hekima. Ndimi za mtu haziwezi kuzitenga. Uchunguzi peke yake ndio uwezao.

Sasa turudi kwa fundi. Njia ya kwanza iliyo mbele yake ni nyepesi: kumwita mwanagenzi na kumkaripia. Mtetemo haukuwako, kijana akaigusa motokaa, mtetemo ukawako. Je, kuna ushahidi mwingine wa kutafutwa? Upo, tena ni mwingi. Jambo lililotangulia si lazima liwe mzazi wa jambo lililofuata. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini hakuna mtu aliyewahi kumchinja jogoo wake ili kuzuia kuche. Mwanagenzi huyo pengine hana hatia yoyote. Lakini kwa kuwa yeye ni mdogo, na sauti yake ni ndogo, lawama humwangukia kwa urahisi kama vumbi linavyotua juu ya rafu ya chini. Fundi mwadilifu hujiuliza: kama motokaa hii ingaliguswa na mimi mwenyewe, je, ningeamini haraka hivi kwamba mgusaji ndiye mkosaji?

Njia ya pili ni ya kubahatisha. Badilisha plagi, kama hautulii, badilisha waya za plagi, kama hautulii, badilisha kabureta, endelea hata siku moja utulie. Njia hii haikosi kufika, kwa maana vyuma vya motokaa vina idadi. Lakini gharama yake hulipwa na mwenye motokaa, ambaye hajui kitu kipi kilikuwa kibovu na kipi kilikuwa kizima. Fundi amejifunza kwa fedha za mwingine, tena hata hicho alichojifunza ni kidogo, kwa sababu kama amebadilisha vitu vitatu kwa mara moja na mtetemo ukaisha, hawezi kusema ni kipi kati ya vitatu kilichokuwa na hatia.

Njia ya tatu ndiyo ya uchunguzi, na inastahili tukae nayo kidogo. Swali lake la kwanza ni hili: mtetemo huu wafuata nini? Kila kitu kizungukacho kina hesabu yake. Motokaa iendapo kilomita 100 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa karibu mita 2 huzunguka kama mara 14 kwa sekunde. Shafti ya propela, ikiwa uwiano wa difu ni karibu 4, huzunguka kama mara 55. Injini yenyewe, mshale wake usomapo mizunguko 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Lakini injini ikiwa imesimama mahali pamoja, inanguruma polepole kwa mizunguko 800 kwa dakika, na silinda moja haiwaki, pengo la silinda hiyo hurudi mara 6 au 7 tu kwa sekunde, na motokaa huchechemea kama mtu mwenye kiatu kimoja. Hivyo kila kasoro ina mwendo wake, kama kila mtu wa nyumbani alivyo na mwendo wake ambao mama huutambua gizani kabla mlango haujafunguliwa.

Kwa sababu hiyo fundi huanza bila spana. Husimamisha motokaa, huweka gia huru, huongeza moto polepole na kutazama mshale. Mtetemo ukitokea pale pale kwenye mshale, ingawa magurudumu hayazunguki, basi magurudumu na propela vimeachiliwa huru na mahakama. Ukitokea barabarani tu, na ukabaki vile vile dereva abadilishapo gia bila kubadilisha mwendo, basi injini si mshitakiwa. Mtuhumiwa ni tairi, gurudumu lisilolingana uzito, au viungo vya propela. Kisha huja zamu ya silinda. Kwa koleo yenye mpini wa mpira, fundi huondoa waya wa plagi moja kwa wakati mmoja na kuurudisha. Silinda nzima ikiondolewa, injini hudhoofika. Silinda iliyokuwa imekufa ikiondolewa, injini haibadiliki. Huyo ndiye aliyekuwa akila bila kufanya kazi. Tazama uzuri wa jaribio hili: halimwulizi mtu anajisifu nini, bali huuliza, "Wewe ukiondoka, kitapungua nini?"

Tuseme silinda zote sita zimejibu vyema. Plagi ni safi, mgandamizo wa silinda ni sawa, kabureta mbili zavuta hewa kwa kiasi kimoja, ekzosi haigusi bodi. Ndipo fundi atazamapo puli iliyo mbele ya krankishafti, yaani shafti ile kuu iliyopindwapindwa, inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Puli hiyo si kipande kimoja. Ina kitovu cha chuma, na nje yake pete ya chuma, na katikati yao mpira. Kila silinda iwakapo huipa krankishafti msokoto mdogo usioonekana kwa macho, na kazi ya mpira ule na pete ile ni kuumeza msokoto huo. Miaka hamsini ya joto na mafuta huugeuza mpira kuwa mkavu kama ganda la mti. Pete hulegea, huteleza, huzunguka ikiyumba, na injini yote hutikisika. Fundi achukua chaki, aandika mstari mmoja unaopita juu ya kitovu na pete, aiwasha injini kwa muda, kisha aizima. Mstari umekatika: nusu moja iko hapa, nusu ya pili imesogea. Chaki ya shilingi chache imetoa ushahidi ambao karipio lisingalitoa kamwe, na mwanagenzi ametakaswa.

Lakini sasa ndipo jaribu kubwa lijapo. Puli ya motokaa ya zamani haipatikani dukani kila siku, na pengine yahitaji kuagizwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Fundi anajua jambo moja ambalo mwenye motokaa halijui: injini hukaa juu ya mipira miwili mbele na mmoja nyuma chini ya giaboksi, na mipira hiyo ikibadilishwa ikawekwa mipya iliyo laini, sehemu kubwa ya mtikisiko haitafika kwenye usukani. Sarafu itaacha kucheza ngoma. Mwenye motokaa atatabasamu, atalipa, ataondoka. Naye pengine kesho aiuza motokaa yake kwa mtu wa tatu, akisema kwa moyo safi kwamba imetengenezwa. Ndani, krankishafti iliyonyimwa mlinzi wake itaendelea kusokotwa mara maelfu kwa dakika, hata siku moja chuma kichoke na kupasuka, labda usiku, labda katika barabara ya Thika katikati ya malori, na mtoto amelala kiti cha nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ole wetu pale mficha maradhi awapo mtu mmoja na afaye awe mwingine.

Msomaji mwepesi wa kujibu aweza kuniuliza: je, mipira si dawa ya halali? Watengenezaji wenyewe hawakuiweka ili kupunguza mtetemo? Swali hilo ni la haki. Mpira wa injini si uongo. Umewekwa kwa wazi, kila fundi aujua, na kazi yake ni kulainisha mtetemo wa maumbile ambao hauna madhara. Kitu kile kile, kikitumiwa kufunika kasoro yenye hatari mbele ya mtu asiyeijua, hugeuka kuwa uongo ingawa hakijasema neno. Basi tofauti haimo katika mpira. Imo katika maswali mawili: je, kilichofunikwa kina madhara? Na je, atakayedhurika anajua kwamba kimefunikwa? Jibu la swali la kwanza likiwa ndiyo, na la pili likiwa siyo, mkono wa fundi umeiba, hata kama bei yake ilikuwa ndogo na shukrani alizopewa zilikuwa kubwa.

Mwingine aweza kuniuliza: na maskini je? Mtu asiye na fedha ya puli afukuzwe na mtetemo wake, kwa kuwa hatutaki kutuliza dalili mpaka tuondoe chanzo? Hapa Ruiru yenyewe inatupa jibu, na jibu hilo limeota shambani. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha tunda la kahawa lingali bichi, ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1922. Kwa miaka mingi wakulima walinyunyizia dawa msimu baada ya msimu. Dawa haikukiondoa chanzo. Mvua ikirudi, na ukungu ulirudi. Lakini tusiwaite wakulima wale wajinga. Kunyunyizia kuliokoa mavuno, na mavuno yaliwasomesha watoto. Wakati huo huo watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru hawakuridhika na bomba la dawa. Walichanganya mbegu na mbegu kwa miaka mingi, na mwaka 1985 wakawapa wakulima aina iitwayo Ruiru 11, ambayo mti wake wenyewe una uwezo wa kuukinza ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Kama dawa ingeitwa tiba, utafiti ungekoma. Kwa kuwa iliitwa nafuu, utafiti uliendelea.

Hiyo ndiyo sheria tuitafutayo. Kutuliza dalili si dhambi. Dhambi ni kukipa kitulizo jina la tiba. Fundi aliye mbele ya maskini aweza kusema: "Bwana, puli yako imekufa. Leo siwezi kuipata wala wewe huwezi kuilipia. Nimeiandika kasoro hii katika risiti. Usiiendeshe kwa kasi, usiipeleke safari ndefu, na usimwuzie mtu bila kumwambia." Maneno hayo hayagharimu kitu ila kiburi kidogo, na labda faida ya siku moja. Lakini humwacha mwenye motokaa akiwa mtu mzima mwenye kuchagua kwa macho wazi, si mtoto aliyepewa sukari.

Nimesema habari za injini, lakini wewe, msomaji, labda hutakuwa fundi. Utakuwa mwalimu, muuguzi, mzazi, karani au kiongozi, na mitetemo itakufuata huko. Mwanafunzi asinziaye darasani kila asubuhi ni mtetemo. Zamani fimbo ilimwamsha upesi, na darasa likatulia. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliipiga marufuku fimbo mashuleni, na wako waliouliza darasa litatulizwa kwa nini sasa. Swali lililo bora ni kwa nini kijana asinzie. Je, alikula jana? Huamka saa ngapi, na hutembea umbali gani? Kuna nani nyumbani anayemnyima usingizi? Fimbo haikuwahi kujibu hata moja katika maswali hayo. Ilikuwa mpira laini chini ya injini iliyopasuka. Na wewe mwenyewe, uonapo hasira zako zikizidi au masomo yako yakishuka, jifanyie haki ile ile: usiwatafute wa kuwalaumu kwa kuwa walikuwa karibu, wala usijidanganye kwamba ndivyo ulivyozaliwa. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, utazame, kisha uamue.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Yafaa tuongeze kwamba kuupaka ufa chokaa si kuuziba. Atakayelala ndani ya nyumba hiyo ana haki ya kujua lipi kati ya hayo mawili limetendeka, na mwenye kulijua ana deni la kumwambia kabla ya mvua.